Rubani Aliyerudi na Picha za Wafu

Leo nazungumzia filamu ya dubwana, na nitaisimulia mpaka mwisho wake. Anayependa kuitazama kwanza bila kujua kitakachotokea, apunguze sauti sasa hivi, akatie chai, arudi kwetu kipindi kikiisha. Nimeshaonya, lawama zisije baadaye.

Filamu yenyewe ni Godzilla Minus One, ya Kijapani, iliyoanza kuonyeshwa huko Japani tarehe 3 Novemba 2023. Ameiandika na kuiongoza Takashi Yamazaki. Najua jina hilo la Godzilla likitajwa huku kwetu watu wanaona nini: jitu la magamba, refu kuliko ghorofa, linapigana na sokwe Kong, na vijana ndani ya kibanda umiza wanashangilia kila ngumi. Hizo ni filamu za Marekani, na mimi sina ugomvi nazo. Mtu akitoka kazini Ijumaa jioni ana haki ya kutazama sokwe akipigana. Lakini nyumbani kwake, Japani, dubwana hili lilizaliwa msibani, na Yamazaki amelirudisha msibani.

Hebu tuanzie kisiwani. Ni mwaka 1945, vita vinakaribia kwisha na Japani inashindwa. Rubani kijana, Koichi Shikishima, anatua na ndege yake ya kivita katika kisiwa kidogo kiitwacho Odo, ambako kuna kituo cha mafundi. Anasema ndege ina hitilafu. Fundi mkuu, Tachibana, anaikagua, anaipima, haoni kasoro yoyote. Wote wawili wanaelewa. Shikishima ni miongoni mwa marubani wa kujitoa mhanga, wale walioamriwa kujibamiza na ndege zao kwenye meli za Wamarekani, naye amekwepa kufa. Jina alilopewa halikuokotwa njiani: kikosi kimojawapo cha mwanzo kabisa cha marubani hao, Oktoba 1944 huko Ufilipino, kiliitwa Shikishima. Mtazamaji wa Kijapani anayeijua historia yake akilisikia jina hilo akiitwa nalo kijana aliyekimbia, linamchoma.

Usiku huohuo dubwana linatoka baharini. Bado si kubwa sana, lakini linatosha kuwamaliza waliopo. Tachibana anamsihi rubani aingie ndani ya ndege yake, kwa maana ina mzinga wa milimita 20 na hakuna mwingine anayejua kuutumia. Shikishima anaingia, anaketi, anaweka kidole pale panapotakiwa, kisha anaganda. Hawezi. Mafundi wanauawa mmoja baada ya mwingine, na kunapokucha wamebaki hai watu wawili tu, Tachibana na yeye.

Yote hayo yanapita kabla mtazamaji hajakaa sawasawa kwenye kiti. Jambo lililonishika mimi linakuja baadaye kidogo, ndani ya meli inayowarudisha askari nyumbani. Tachibana anamkabidhi Shikishima kifurushi, bila hotuba. Ndani yake mna picha: wake, watoto, wazazi, zile picha ambazo mafundi waliokufa walikuwa wanatembea nazo mifukoni. Basi. Filamu ina milipuko mingi, ina treni inayoinuliwa angani kwa meno, ina mawimbi ya kutisha, lakini hakuna silaha inayompata mtu barabara kama kifurushi kile.

Anafika Tokyo, nyumba ya kwao ni kifusi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani ziliumwagia mji huo mabomu ya moto, na watu wapatao 100,000 walikufa katika usiku mmoja. Wazazi wake wamo. Anayempa habari ni jirani, mama mmoja aitwaye Sumiko, ambaye naye amepoteza watoto wake. Sumiko akimwona rubani amerudi mzima hamwambii pole. Anamshambulia kwa maneno: angetimiza wajibu wake, yeye na wenzake, pengine watoto wale wangekuwa hai. Ni uonevu mtupu, maana ndege moja isingeuzuia moto ule. Lakini Sumiko anahitaji mtu wa kumlaumu, na Shikishima anahitaji kulaumiwa. Wameelewana haraka kuliko ndugu.

Nampenda sana huyu mama, na nadhani ndiye mtu aliyeandikwa vizuri kuliko wote katika hadithi hii. Siku chache baadaye anagundua kwamba yule kijana amejaza nyumba: ameingia msichana mmoja asiye na kwao, Noriko, akiwa na mtoto mchanga, Akiko, ambaye si wake wala si wa Shikishima, mama yake alimkabidhi kwa Noriko wakati anakata roho. Sumiko anagomba, ananung'unika, anauliza hawa watu wanafikiri nini. Kisha anakwenda kwake, anatoa mchele aliokuwa ameuficha, anauleta ili mtoto apikiwe uji. Mdomo bado ameukunja. Hakuna aliyemwomba, na hakuna anayemshukuru sana. Kilio cha mama aliyefiwa na watoto kimepata mahali pa kwenda, na kimekwenda kwenye kikombe cha mchele.

Shikishima hana pa kukipeleka cha kwake. Miaka inapita, anapata kazi ya kutegua mabomu yaliyobaki baharini baada ya vita, akiwa kwenye mashua ya mbao, kwa sababu meli ya chuma ingeyalipua mabomu yanayovutwa na sumaku. Mshahara ni mzuri kwa kuwa kifo kiko karibu, na pengine kwake hiyo ndiyo sifa ya pili ya kazi hiyo. Nyumba inajengwa upya, pikipiki inanunuliwa, mtoto anakua na kuanza kumwita baba. Anamkataza. Anawaambia wenzake mezani kwamba yeye si baba wa mtoto huyu, wala Noriko si mkewe. Wenzake wanamshangaa. Usiku anaota wale mafundi. Kuna usiku mmoja anaamka akiwa hajui kama yuko hai, akidhani labda alikwisha kufa kule kisiwani na haya yote, nyumba, mwanamke, mtoto, ni ndoto ya maiti.

Hapa ndipo filamu inaposema jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu. Tumezoea kuyaweka majonzi na hatia katika kapu moja, kana kwamba mwenye hatia ni mfiwa aliyezidi. Yamazaki anaonyesha kwamba hatia inamzuia mtu kuomboleza. Angalia matanga yetu. Watu wanakuja, wanaketi mkekani, mwenye msiba anasimulia marehemu alivyougua au alivyopatwa na ajali, anasimulia tena kwa kila kundi linaloingia, na kufikia siku ya tatu ameshasimulia mara nyingi kiasi kwamba kicheko kidogo kinaweza kupenya. Sasa mchukue mtu anayeamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo kile. Atakaaje mkekani? Atasimulia nini? Akipewa pole ataipokea kwa uso gani? Huyo hupita mbali na nyumba ya msiba, na msiba wake haumaliziki kwa sababu haujaanza. Shikishima amekaa na picha za wafu wale miaka miwili, na hajamlilia hata mmoja wao. Kumlilia mtu ni kukubali kwamba yeye amekwenda na wewe umebaki, na hilo la kubaki ndilo asiloweza kulikubali.

Godzilla anarudi mwaka 1947, sasa akiwa mkubwa mno. Katika hadithi, majaribio ya mabomu ya atomiki ambayo Wamarekani waliyafanya kwenye kisiwa cha Bikini mwezi Julai 1946 yamemchoma, yakamlea. Majaribio hayo yalifanyika kweli, tarehe na mahali ni hapohapo. Dubwana linaingia Ginza, mtaa wa maduka ya fahari wa Tokyo, ambako Noriko amepata kazi. Shikishima anamkuta, anamshika mkono, wanakimbia. Godzilla anatema mwale wake, panazuka wingu la uyoga, na kabla upepo wa mlipuko haujafika Noriko anamsukuma Shikishima kwenye upenyo kati ya majengo mawili. Yeye anachukuliwa. Kisha mvua nyeusi inanyesha. Kila Mjapani anajua mvua nyeusi ni ya Hiroshima, haihitaji maelezo. Shikishima anapiga yowe katikati ya barabara. Mtu mwingine tena amekufa, naye yuko hai.

Nitoke kidogo hapa, nirudi nyuma miaka 69, kwa sababu bila filamu ya kwanza hii ya Yamazaki haieleweki vizuri.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, lenye nguvu ya megatoni 15, kubwa kupita walivyokadiria wenyewe. Mashua moja ya wavuvi wa Kijapani waliokuwa wakivua jodari, ikiwa na watu 23, ilikuwa nje ya eneo lililopigwa marufuku. Majivu meupe yaliwanyeshea kwa saa kadhaa. Walirudi bandarini wakiwa wagonjwa wote, na samaki wao wakafika sokoni. Japani nzima ikaogopa kula jodari. Opereta wa redio wa mashua ile, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huohuo. Wiki sita hivi baadaye, tarehe 3 Novemba 1954, filamu ya Godzilla ya kwanza ikaingia kwenye majumba ya sinema, na inaanza na mabaharia wakipumzika juu ya meli yao, mara mwanga mkali unawaka baharini. Waliokuwa ndani ya ukumbi siku ile hawakuhitaji kuambiwa mwanga ule ni nini.

Aliyeiongoza ni Ishiro Honda. Alikuwa ametumikia jeshi la Japani miaka mingi, akakamatwa mateka China, na aliporudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima akaona kilichobaki. Mtaalamu wa mbinu za picha alikuwa Eiji Tsuburaya, ambaye mwaka 1942 alitengeneza picha za mashambulizi ya Pearl Harbor kwa ajili ya filamu ya propaganda ya vita. Mikono ileile iliyotengeneza meli ndogo za kuchezea ili Wajapani washangilie vita, miaka 12 baadaye ikatengeneza Tokyo ndogo ya kukanyagwa. Sijui kama kuna njia bora zaidi ya fundi kuomba radhi.

Katika filamu hiyo kuna mama mmoja, hana jina. Ameketi chini ya ukuta wa jengo huku mji unaungua, amewakumbatia watoto wake wadogo, anawaambia kwamba muda si mrefu watakwenda kumkuta baba. Kamera inamwonyesha kwa sekunde chache, inaondoka. Baba alifia wapi hatuambiwi, lakini mwaka ni 1954 na watoto wale wana umri ule. Hesabu inajifanya yenyewe. Na yuko mtangazaji. Hili sisi wa redio haliwezi kutupita. Amepanda mnara na wenzake, ameshika kipaza sauti, anaeleza dubwana linavyokuja, linavyokaribia, linavyoushika mnara wao, na anaendelea kutangaza mpaka anapowaaga wasikilizaji na mnara unaanguka. Yamazaki amemheshimu: katika filamu yake pia watangazaji wako juu ya paa la jengo Ginza, wanatangaza, na jengo linakwenda nao.

Lakini kiini cha filamu ya Honda ni mwanasayansi Serizawa, kijana aliyepoteza jicho moja vitani. Amegundua kitu kinachoweza kuangamiza kila kiumbe chenye uhai majini, na amekificha, kwa hofu kwamba wanasiasa wakikijua kitakuwa bomu lingine. Siri yake anaijua Emiko peke yake, binti aliyekuwa ameposwa naye, na Emiko aliapa kutoisema. Anakwenda kwenye hospitali ya muda, anaona majeruhi wamelazwa sakafuni, anaona mtoto akipimwa mionzi kwa chombo kinachopiga kelele na daktari akitikisa kichwa. Anavunja kiapo. Serizawa akisikia anakasirika, anakataa, mpaka anapoona kwenye televisheni wanafunzi wa kike wakiimba sala ya amani. Hapo anachoma karatasi zake zote. Anateremka baharini akiwa amevaa mavazi ya kupigia mbizi, anakifungua kile kitu karibu na Godzilla, kisha anakata kamba na mpira wake wa hewa. Anakufa pamoja na dubwana ili maarifa yale yafe pia.

Ni mwisho mzito, na wengi wameusifu. Mimi pia nausifu, lakini una jambo linalonikereketa. Miaka tisa baada ya vita, taifa lililowaambia vijana wake kwamba kufa ndiyo njia pekee ya kulipa, bado lilikuwa linatunga hadithi ambamo mtu mwema analipa kwa kufa. Hatia ya Serizawa ina tiba moja tu, na tiba hiyo ni ileile ambayo Shikishima aliamriwa kuimeza akakimbia.

Yamazaki mwenyewe alipita njia hiyo. Mwaka 2013 aliongoza filamu iitwayo The Eternal Zero, kuhusu rubani hodari anayetaka sana kurudi hai kwa mkewe na mtoto wake. Siku ya mwisho anabadilishana ndege na kijana mwenzake. Ndege aliyoiacha ina injini mbovu, kijana anatua njiani, anaishi. Yeye anakwenda kujibamiza. Watu walijaa kwenye majumba ya sinema, na wakosoaji wakamshutumu Yamazaki kwamba amewapamba marubani wa kujitoa mhanga. Sasa angalia: miaka kumi baadaye anatunga hadithi ya rubani anayetua kisiwani kwa kisingizio cha injini mbovu. Amemwacha shujaa aliyekufa akaenda kumtafuta yule aliyetua, akamuuliza maisha yake yalikuwaje. Nadhani alizisikia shutuma zile, ingawa sijui aliumia kiasi gani.

Turudi Ginza. Serikali haifanyi kitu, Wamarekani wanaogopa kuwachokoza Warusi, kwa hiyo wanajeshi wa zamani wanakusanyika wenyewe wakiwa raia. Mwenye mpango ni Noda, mhandisi wa zamani wa jeshi la majini: wamzungushie Godzilla mitungi ya gesi, wamzamishe mita 1,500 kwenye ghuba ya Sagami, kisha wamvute juu ghafla ili mabadiliko ya ghafla ya shinikizo yampasue. Kama sayansi hiyo inafaa au haifai sitaingia humo. Kilichoniinua kwenye kiti ni maneno ya Noda kwa watu wake usiku wa kuamkia mapambano. Anawaambia kwamba nchi yao ilifanya uhai kuwa kitu rahisi mno: vifaru vya bati jembamba, askari waliokufa kwa njaa na maradhi kwa sababu hakuna aliyewapelekea chakula, ndege zisizo na kiti cha kumrusha rubani nje. Safari hii, anasema, lengo ni kutopoteza hata mtu mmoja. Na wanaokubali kwenda wanaruhusiwa pia kukataa. Wenye familia wengine wanaondoka, hakuna anayewazomea.

Miongoni mwa meli wanazopewa iko Yukikaze. Hiyo ni meli ya kweli. Ilishiriki mapigano makubwa mengi ya baharini ya vita ile, meli kubwa zilizokuwa jirani nayo zikazama, ikiwemo Yamato mwezi Aprili 1945, nayo ikarudi kila mara ikiwa salama. Wakaiita meli ya bahati. Baada ya vita ikatumika kuwarudisha Wajapani nyumbani kutoka ng'ambo, na mwaka 1947 ikakabidhiwa kwa China. Yamazaki amewapandisha watu walionusurika kwenye meli iliyonusurika.

Shikishima naye ana mpango wake wa siri. Anataka ndege, aijaze mabomu, aingie nayo kinywani mwa Godzilla, amalize kazi aliyoikimbia. Ndege inapatikana, lakini imekufa, na anamtaka Tachibana peke yake aifufue. Hajui aliko. Basi anafanya jambo baya kweli: anawaandikia barua watu waliokuwa jeshini pamoja nao, akidai kwamba maafa ya Odo yalisababishwa na Tachibana. Anajua akisikia atakuja. Na anakuja, anampiga vibaya. Waandishi wengi wangemfanya mwenye hatia awe mpole, mwenye macho ya kondoo. Huyu anamchafulia jina mtu ambaye tayari amemwangamizia wenzake, ili apate kufa vizuri. Hatia ikikaa sana inamfanya mtu ajifikirie yeye tu, na Yamazaki hakuogopa kulionyesha hilo.

Tachibana anaitengeneza ndege. Anaweka mabomu kama alivyoombwa. Kisha anamwonyesha kitu kingine alichokifunga: kiti cha kumrusha rubani nje. Anamwambia aishi. Tazama ni nani anayesema. Mke hawezi kumpa ruhusa hiyo, wala rafiki, wala yule mama jirani. Anayeweza ni mmoja tu duniani, yule aliyeamka asubuhi ile kati ya maiti na kumkabidhi picha. Fundi hatoi hotuba ya msamaha, anafunga boliti.

Mengine unaweza kuyakisia. Ndege inaingia kinywani, kinalipuka, mwavuli mweupe unaonekana angani. Dubwana linasambaratika na kuzama, na wanaume walio melini wanasimama, wanalipigia saluti. Saluti ile iliwashangaza wengi. Mimi naielewa kupitia filamu nyingine ya mfululizo huu, aliyoiongoza Shusuke Kaneko mwaka 2001, ambamo inaelezwa waziwazi kwamba ndani ya Godzilla mna roho za watu waliokufa katika vita vya Pasifiki, zenye ghadhabu kwa sababu zimesahauliwa. Askari wale wa zamani wa Yukikaze wanawazika wenzao ambao hawakupata kaburi.

Sasa niseme ninapogombana na Yamazaki, na ni mahali pawili.

La kwanza ni Noriko. Yu hai. Shikishima anarudi nchi kavu, Sumiko anamkimbilia na simu ya maandishi, wanakwenda hospitali, na kitandani yuko Noriko, amefungwa bendeji, anamuuliza kama vita yake imekwisha. Watu walilia kumbi nzima. Mimi nilikasirika. Umetumia saa mbili kumfundisha mtu huyu kufiwa, halafu mtihani unapofika unamfutia. Ni kweli kuna alama nyeusi inayotambaa shingoni mwa Noriko, dokezo kwamba mionzi haijamaliza kazi yake, na ni kweli chini ya bahari nyama ya dubwana inaanza kujiunga upya. Lakini dokezo ni dokezo. Honda mwaka 1954 alimwacha Serizawa chini ya maji.

La pili ni zito zaidi. Hatia yote ya filamu hii ni ya Mjapani kwa Mjapani: rubani kwa mafundi, serikali kwa askari wake, walio hai kwa wafu wa nyumbani. Wachina hawamo. Wakorea hawamo. Wafilipino waliouawa Manila hawamo. Ukiitazama bila kujua historia utadhani vita ilishuka juu ya Japani kama masika. Noda analaumu nchi iliyodharau uhai, na yuko sahihi, lakini uhai anaouhesabu ni wa watu wake.

Hata sisi tumo katika hesabu hiyo, msikilizaji. Vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa Burma katika jeshi la Keya la Waingereza kupigana na Wajapani, wakapanda na kushuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na malaria. Na mwezi Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani kwenye Bahari ya Hindi, karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake. Nyambizi ile ilijificha chini ya watu waliokuwa wanaelea wakisubiri kuokolewa, na manowari za Waingereza zilizokuwa zikiulinda msafara zikaangusha mabomu ya kulipulia chini ya maji hapohapo, kati ya watu wao wenyewe, ili kuipata. Waliotoa amri hiyo na walioitekeleza walirudi nyumbani wakaishi nayo. Dubwana chini ya maji, watu juu yake, na mtu mmoja anayepaswa kubonyeza. Hadithi ya Shikishima imegeuzwa upande wa pili, kwa kuwa hawa walibonyeza. Familia za vijana wale, kuanzia Mombasa hadi vijijini kabisa bara, hazikupata maiti wala kaburi. Filamu yao haijatengenezwa.

Haya yote hayaipunguzii Godzilla Minus One ufundi wake. Machi 2024 ilipata tuzo ya Oscar ya mbinu za picha, kazi ya watu 35 na picha 610, huku Yamazaki mwenyewe akisimamia, kwa fedha ambayo Hollywood wanaitumia kwa kipande tu cha filamu yao moja. Imeandikwa na mtu anayejua hatia inavyomkalia binadamu mezani, kitandani na kazini. Katika hatia haina mpinzani ndani ya mfululizo mzima. Katika majonzi, ile ya 1954 inaishinda.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Ukipata nafasi ya kutazama moja, anza na ya Honda. Ina dakika 96, haina rangi, na dubwana ni mtu ndani ya vazi zito la mpira. Uhakikishe tu umepata ile ya Kijapani. Mwaka 1956 Wamarekani waliikatakata, wakamwingiza mwigizaji wao Raymond Burr kama mwandishi wa habari, na sehemu kubwa ya maneno kuhusu mabomu ikabaki chini ya meza ya mkataji. Ya Yamazaki itazame wiki inayofuata, na ukiwa na maoni kuhusu Noriko kubaki hai, tuandikie. Najua wengi mtanipinga.